Upasuaji wa matundu madogo na upasuaji wa wazi kwa yabisi ya kifundo cha mkono: Upi unamfaa nani?

KIFUNDO cha mkono ni kiungo kidogo chenye kazi kubwa. Seremala anayeshika randa, mama lishe anayesonga ugali, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na karani anayeshinda mbele ya kompyuta, wote hukitegemea kuanzia asubuhi hadi jioni. Yabisi inapokishika kiungo hicho, mambo ya kawaida kama kufungua kifuniko cha chupa, kukamua nguo au kunyanyua ndoo ya maji hugeuka kuwa mateso.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa, mapumziko na mazoezi. Wapo, hata hivyo, ambao maumivu yao hayasikii dawa, na hao hufikia hatua ya kushauriwa kufanyiwa upasuaji. Hapo ndipo hujitokeza swali ambalo siku hizi huulizwa sana katika kliniki za mifupa: je, ni upasuaji wa matundu madogo unaotumia kamera, au ule wa wazi ambao daktari huchana ngozi na kukifungua kiungo chenyewe?

Wengi huamini kwamba tundu dogo daima ni bora kuliko mchano mrefu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haujakamilika. Njia hizi mbili hazifanyi kazi ileile, na mara nyingi hazikusudiwi mgonjwa yuleyule.

Kiungo chenyewe

Kifundo cha mkono hakiundwi na mifupa miwili tu inayokutana. Kina mifupa midogo 8 iliyopangwa katika safu mbili za minne minne, ikiungana na ncha za mifupa miwili ya kigasha. Ncha hizo zimefunikwa na gegedu, yaani tabaka laini na telezi linaloiwezesha mifupa kupishana bila kukwaruzana. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano nyingi fupi na imara, na kiungo chote kimezungukwa na mfuko wenye utando mwembamba unaotoa ute wa kukilainisha.

Yabisi ni hali ya gegedu hilo kulika na kiungo kuvimba. Mgonjwa huhisi maumivu, mkono hukakamaa hasa asubuhi, nguvu za kushika vitu hupungua, na wakati mwingine husikika mlio wa kusagika anapoukunja mkono.

Chanzo chake si kimoja. Kuna yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia utando wa viungo, ambayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume na mara nyingi hushika mikono yote miwili. Kuna kuchakaa kwa kiungo kutokana na umri, ingawa hali hiyo huonekana zaidi kwenye goti na nyonga kuliko kwenye kifundo cha mkono. Kisha kuna yabisi inayofuatia ajali, ambayo huwakumba hata vijana wenye umri wa kufanya kazi.

Mzizi wa aina hii ya mwisho mara nyingi huwa ni kuanguka na kujikinga kwa kiganja kilichokunjuliwa, iwe ni kutoka kwenye pikipiki, ngazi au uwanja wa mpira. Mfupa unaovunjika zaidi kati ya ile 8 ni skafoidi, uliopo chini ya kidole gumba. Damu huingia katika mfupa huo kwa sehemu kubwa kupitia upande ulio karibu na vidole. Unapovunjika katikati au karibu na kigasha, kipande cha ndani hukosa damu ya kutosha na huweza kushindwa kuunga.

Tatizo jingine ni kwamba ufa wa skafoidi huweza usionekane katika picha ya eksirei ya siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo, daktari anayeushuku huufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Mgonjwa anayeambiwa kuwa ameteguka tu, akachuliwa kwa dawa na kurudi kazini, huweza kuishi na mfupa uliovunjika kwa miaka mingi pasipo kujua.

Mwaka 1984, madaktari Watson na Ballet wa Marekani walieleza namna yabisi inavyosambaa baada ya kano iliyo kati ya skafoidi na mfupa wa jirani yake, lunati, kukatika. Uharibifu huanzia kwenye ncha ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, huenea katika sehemu yote ambayo mfupa huo hukutana na skafoidi, kisha huingia katikati ya kifundo. Mfupa wa skafoidi usipounga, njia ya uharibifu hufanana na hiyo. Katika hali zote mbili, sehemu ambayo lunati hukutana na kigasha kwa kawaida husalimika. Jambo hilo ndilo msingi wa upasuaji kadhaa unaofanywa leo.

Kabla ya kisu

Upasuaji si hatua ya kwanza. Mgonjwa huanza kwa kupunguza kazi zinazouchosha mkono, kuvaa kishikizo cha kutuliza kifundo, kutumia dawa za kupunguza uvimbe na maumivu, na kufanya mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wengine huchomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo, ambayo huweza kuleta nafuu ya muda.

Kwa wenye yabisi itokanayo na kinga ya mwili, dawa kama methotreksati, zikitumika mapema na chini ya uangalizi, huzuia uharibifu ambao zamani uliwapeleka wengi katika chumba cha upasuaji.

Upasuaji wa matundu madogo

Chanzo cha njia hii ni Japani. Mwaka 1918, Profesa Kenji Takagi wa Tokyo alitumia kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo kutazama ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliviendeleza vifaa hivyo hadi vikawa vidogo vya kutosha kuingia katika viungo vidogo. Mwaka 1979, daktari Y. C. Chen alichapisha maelezo ya kutumia kamera hizo katika kifundo cha mkono na vidole, na katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa Amerika ya Kaskazini walipanga utaratibu unaofuatwa hadi sasa.

Mgonjwa hulazwa chali, vidole vyake huning'inizwa katika vishikio maalumu, na mkono huvutwa kwa uzito wa kilo chache ili mifupa iachane kidogo. Daktari hutoboa matundu mawili au zaidi nyuma ya kifundo, kila moja likiwa na urefu wa milimita chache. Kupitia tundu moja huingizwa kamera yenye unene wa takriban milimita 2 hadi 2.7, na kupitia jingine huingizwa vifaa vya kukatia na kunyonyea. Picha huonekana katika runinga iliyo mbele ya daktari.

Kwa njia hiyo, daktari huweza kuondoa utando uliovimba, kusafisha vipande vya gegedu vilivyomeguka, kulainisha kingo zilizochanika na kukwangua ncha ya mfupa inayogongana na skafoidi. Anapoikata ncha hiyo huwa mwangalifu asizidishe takriban milimita 4, kwani kano muhimu inayokizuia kifundo kisihame imeshikizwa hapo.

Faida nyingine ni uchunguzi. Kamera humwonesha daktari hali halisi ya gegedu, jambo ambalo eksirei haliwezi kulionesha moja kwa moja na ambalo hata MRI huweza kulikosa. Wapo wagonjwa ambao hupitia matundu kwanza ili kuamua ni upasuaji gani mkubwa utakaowafaa baadaye.

Katika vituo vichache duniani, ikiwemo Hong Kong, madaktari wamefanikiwa hata kuunganisha baadhi ya mifupa kwa kutumia kamera. Hata hivyo, kazi hiyo huhitaji ujuzi wa hali ya juu na muda mrefu katika chumba cha upasuaji, hivyo haijawa ya kawaida.

Upasuaji wa wazi

Upasuaji wa wazi una historia ndefu zaidi. Mwaka 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck aliweka kifundo bandia cha pembe ya ndovu kwa mgonjwa aliyeharibiwa kiungo na kifua kikuu. Tangu wakati huo zimebuniwa njia nyingi, na nne kati ya hizo ndizo zinazotajwa zaidi.

Ya kwanza ni kukata mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu kutoka kwenye kiungo, iliyoelezwa na daktari Mjerumani A. Wilhelm mwaka 1966. Mchano wake huweza kuwa mfupi, mkono haupotezi mwendo, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Lakini yabisi yenyewe haiondoki, bali huendelea kimyakimya, na nafuu huweza kupungua kadiri miaka inavyopita.

Ya pili ni kuondoa safu ya kwanza ya mifupa, yaani skafoidi, lunati na jirani yao wa tatu. Mfupa wa kapitati, ulio katikati ya safu ya pili, hushuka na kukalia nafasi ya lunati. Kwa kuwa hakuna mifupa inayotakiwa kuunga, mkono hufungwa kwa wiki chache tu. Sharti lake ni kwamba kichwa cha kapitati kiwe bado na gegedu zuri.

Ya tatu ni kuondoa skafoidi pekee na kuiunganisha mifupa minne iliyobaki katikati ili iwe kama mfupa mmoja, kwa kutumia skrubu, pini au bamba la chuma. Kifundo huendelea kukunjika kupitia sehemu ile iliyosalimika kati ya lunati na kigasha. Njia hii hufaa hata pale ambapo kapitati imeharibika, lakini mifupa huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuunga, na wakati mwingine hukataa.

Katika njia hizo mbili za mwisho, mgonjwa kwa kawaida hubakiwa na takriban nusu ya mwendo wa kukunja na kukunjua, na nguvu za kushika zinazokaribia robo tatu za mkono mzima. Baadhi ya madaktari husita kuondoa safu ya mifupa kwa mgonjwa aliye chini ya umri wa miaka 40, hasa mwenye kazi nzito, kwa hofu kwamba kapitati nayo italika.

Ya nne ni kuunganisha kifundo chote. Bamba la chuma hufungwa kuanzia kwenye kigasha hadi kwenye mfupa wa kiganja unaoelekea kidole cha kati. Mkono hautakunjika tena kifundoni, ingawa mgonjwa bado huweza kugeuza kiganja juu na chini na kutumia vidole vyake vyote. Kwa mtu wa kazi za sulubu ambaye kifundo chake kimeharibika kabisa, kubadilisha mwendo kwa nguvu isiyo na maumivu huweza kuwa biashara yenye faida.

Vipo pia vifundo bandia vya kisasa vya chuma na plastiki. Hivyo hutunza mwendo, lakini huweza kulegea na havitakiwi kubebeshwa mizigo mizito, hivyo huwafaa zaidi watu wenye kazi nyepesi.

Tofauti zao

Kidonda: Matundu huacha makovu madogo yanayofifia. Upasuaji wa wazi wa kifundo huacha kovu la sentimita kadhaa nyuma ya mkono, na tishu zinazochanwa huweza kushikana na kuchangia ukakamavu.

Maumivu na muda wa kupona: Baada ya kusafishwa kwa kamera, mgonjwa wengi huanza kuuchezesha mkono ndani ya siku chache na kurejea kazi nyepesi baada ya wiki kadhaa. Baada ya kuunganishiwa mifupa, mkono hufungwa kwa wiki nyingi, na nguvu huendelea kurudi kwa miezi kadhaa. Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, tofauti hiyo ni kubwa.

Ganzi: Njia zote mbili huweza kufanywa kwa kuutia ganzi mkono mzima bila mgonjwa kulala usingizi wa dawa, ingawa upasuaji mrefu huhitaji wakati mwingine nusu kaputi.

Hatari: Maambukizi ni machache katika njia ya matundu, lakini hatari haikosekani. Matundu hupita karibu na mishipa midogo ya fahamu na kano za vidole, na mgonjwa huweza kubaki na ganzi au maumivu makali nyuma ya kiganja ikiwa itaguswa. Katika upasuaji wa wazi, hatari ni pamoja na maambukizi, ukakamavu, mifupa kukataa kuunga na vyuma kusumbua hadi vitolewe. Uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa mifupa kukataa kuunga.

Uimara wa matokeo: Hapa ndipo upasuaji wa wazi huonesha nguvu zake. Kusafisha kiungo kwa kamera hupunguza maumivu lakini hakurudishi gegedu lililokwisha kulika, na ugonjwa ukiwa umekomaa maumivu huweza kurudi. Kuunganisha au kuondoa mifupa hukimaliza chanzo cha msuguano, kwa gharama ya mwendo.

Ushahidi: Tafiti zinazowalinganisha moja kwa moja wagonjwa waliogawanywa kwa kura kati ya njia hizi mbili ni chache. Taarifa nyingi zinatokana na madaktari walioandika matokeo ya wagonjwa wao wenyewe. Kwa hiyo, tangazo linalodai kuwa njia moja imethibitishwa kuwa bora kwa kila mtu linapaswa kupokelewa kwa tahadhari.

Hatua ya ugonjwa ndiyo huamua

Kwa ufupi, mgonjwa ambaye yabisi yake ingali changa, gegedu likiwa limelika sehemu ndogo tu au utando ukiwa umevimba bila mifupa kuharibika, ndiye anayenufaika zaidi na matundu madogo. Uharibifu ukiwa umeenea katika sehemu yote kati ya skafoidi na kigasha, mazungumzo huhamia kwenye kuondoa safu ya mifupa au kuunganisha mifupa minne. Ukifika katikati ya kifundo, kuondoa safu hakupendekezwi tena. Na kiungo kikiharibika chote, kuunganisha kifundo ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Umri, aina ya kazi, mkono unaotumika zaidi na matarajio ya mgonjwa navyo huwekwa katika mizani. Fundi mwashi na mpiga kinanda wanaweza kuwa na picha za eksirei zinazofanana, lakini wakahitaji matibabu tofauti.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, bodaboda zimeongeza idadi ya vijana wanaofika hospitalini wakiwa na majeraha ya mifupa, na baadhi ya majeraha ya kifundo cha mkono hugeuka yabisi baadaye. Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, pamoja na hospitali za rufaa kama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999, kinaendelea kufundisha wapasuaji, wakiwemo wa mifupa.

Hata hivyo, upasuaji wa kamera katika kifundo cha mkono huhitaji vifaa vidogo kuliko vile vya goti na bega, pamoja na daktari aliyebobea katika mkono. Vyote viwili havipatikani kila mahali. Upasuaji wa wazi, kwa upande wake, huhitaji vifaa ambavyo hospitali nyingi za rufaa huwa navyo. Mgonjwa anayeambiwa kuwa ni wa wazi tu unaowezekana anaweza kuwa anapewa ushauri sahihi kabisa kwa hali yake, au anapewa kile kilichopo. Ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, inafaa mgonjwa aulize: ugonjwa umefika hatua gani na ni kipimo gani kimeonesha hivyo? Je, matibabu yasiyo ya upasuaji yamejaribiwa vya kutosha? Upasuaji unaopendekezwa unalenga kupunguza maumivu kwa muda au kumaliza chanzo chake? Mkono utabakiwa na mwendo na nguvu kiasi gani? Utafungwa kwa muda gani, na kazi itarejewa lini? Upasuaji ukishindwa, njia gani itabaki? Na daktari mwenyewe amekwisha kuufanya mara ngapi?

Aidha, ni vyema kuulizia mapema gharama za vyuma, vipimo na fiziotherapia, na kama bima inazilipa, kwani upasuaji mzuri usiofuatiwa na mazoezi huacha mkono uliokakamaa.

Zaidi ya yote, kinga bado ni nafuu kuliko njia zote mbili. Mtu aliyeangukia kiganja na kubaki na maumivu chini ya kidole gumba hana budi kupigwa picha, na kurudia picha hiyo iwapo maumivu yanaendelea. Mfupa wa skafoidi ukigunduliwa na kutibiwa mapema, wengi wao huunga vizuri, na swali la matundu au mchano huenda lisiulizwe kamwe.